Maji ya Jumapili Hufika Jumanne

Mto haupimwi kutoka ndani ya gari. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi nawaona, nyinyi vijana wa ofisi ya maji, mkipita daraja la Ipogolo vioo vimepandishwa, mnatazama mstari kwenye simu na kusema mto umeshuka. Sawa, umeshuka. Ila umeshushwa na nani, kwa shughuli gani, na huko chini anayelia ni nani, hayo simu haisemi. Mimi miaka yangu yote ya kazi nimeipitisha maji yakiwa magotini, na magoti sasa yananikumbusha kila ninapoinuka kwenye kiti. Mliponiaga mlinipa saa kubwa ya ukutani. Mtu anastaafu, anapewa saa. Sijui awahi wapi. Mkaniomba pia niwaandikie niliyoyaona, nami nimekubali kwa sharti kwamba habari za vyeo na mishahara hazimo. Hata ningeziweka, zisingejaza ukurasa.

Nitaandika kazi ilivyokuwa, na hasa nitaandika habari ya maji ya Jumapili. Nusura watu wa milimani na watu wa bondeni wakatane mapanga kwa kutoyajua, na bado yanapita mbele ya macho yenu kila wiki.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, ambako mvua ni mwenyeji na jua ndilo mgeni. Nilipomaliza chuo nikiwa fundi sanifu wa maji nilipangiwa Mbeya, chini ya Mzee Kikoti, Mhehe mrefu, mkavu, mwenye pama lililoonekana kunizidi umri. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani naenda ofisini. Akavitazama, akanifungulia mlango wa landrova.

Tulipanda mlima mpaka mji wote ukawa chini yetu. Akatandaza ramani ya nchi kwenye boneti, akaikandamiza kwa mawe, akaniuliza mvua ikinyesha pale tuliposimama inakwenda wapi. Nikajibu kwa kujiamini kwamba inakwenda baharini. Akacheka kwa puani. Kisha akanionyesha kwa kidole. Upande wa kusini maji huteremkia Ziwa Nyasa, yakipita kwenye ndizi, kakao na chai za kwetu. Upande wa kaskazini-magharibi huenda Rukwa, ziwa lisilo na mahali pa kutokea, yakipita kwenye dhahabu na tumbaku za Chunya. Upande wa mashariki hushuka Usangu, yakanywesha mpunga na ng'ombe, yakaingia Ruaha Mkuu, yakazungusha mitambo ya umeme, ndipo yaione bahari.

"Nchi hii ni kubwa, binti," akaniambia. "Matone mawili yakianguka hapa pamoja, hayaonani tena. Kazi yetu ni kujua kila moja limeishia kwa nani."

Nilishuka mlima ule nimebeba viatu mkononi. Kesho yake nikakuta gambuti juu ya meza yangu, namba yangu kabisa, na mpaka leo sijui aliijuaje. Jiografia niliyofundishwa darasani ilikuwa ya kukariri: milima hii, mazao haya, reli ile. Mzee Kikoti alinifundisha kuiona kama watu. Ukimwona mama anapanga nyanya kando ya barabara kuu, jiulize maji yake yametoka wapi na nani ameyakosa. Ukiona lori la mbao linatoka Mufindi, jiulize mteremko ule sasa unashika mvua kwa kutumia nini.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na geji, ule ubao wa chuma wenye namba unaosimikwa mtoni kuonyesha kimo cha maji. Kwa wananchi geji ni nguzo ya serikali isiyo na kazi, kwa hiyo wao huipa kazi. Wanawake huanikia kanga, ng'ombe hujikunia, na Usangu niliwahi kuikuta imefungiwa mtumbwi. Kulikuwa na mita ya mkondo, kijipangaboi kinachozungushwa na maji na kulia sikioni mwa mpimaji. Na mita ikigoma, kulikuwa na chungwa. Mzee Kikoti hakusafiri bila machungwa. Chungwa huelea huku sehemu yake kubwa imezama, kwa hiyo upepo hauwezi kulipotosha kama unavyopotosha kijiti. Unalitupa huku juu, mwenzako analingoja kule chini, mnajua mwendo wa maji. Faida nyingine ni kwamba ukimaliza kupima unaweza kulila, jambo ambalo kwa vifaa vyenu vya sasa sishauri.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja, na ndio uliokuja kuniokoa. Mto wenye ugomvi hakuupima mbele ya upande mmoja. Aliwaita wote wagombanao, wakasimama ukingoni, wakamwona anaingia majini, wakasikia anachosoma. Ukipima peke yako, alisema, utakuwa shahidi wa tatu wa uongo.

Kabla ya kwenda Iringa nilikaa Makongolosi, kule Chunya. Vumbi, dhahabu, pikipiki, na mito ambayo nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Wachimbaji walikuwa wakiniona nimesimama katikati ya mto mkavu na daftari, wakaniuliza kama nimetumwa kuhesabu mawe. Nikacheka nao, maana hata mimi nilikuwa najiuliza. Lakini ni pale nilipojifunza kwamba sifuri nayo ni kipimo. Mto ukikauka, unaandika umekauka, huandiki kwamba hukwenda. Wachimbaji wenyewe walikuwa wajuzi wa maji kuliko walivyotaka kuonekana, kwa kuwa huwezi kuosha mchanga wa dhahabu bila maji, na kila shimo lililotajirisha mtu lilikuwa na kisima jirani ambacho hakuna aliyekitaja.

Iringa ndipo nilipokaa muda mrefu, na Iringa ndiko kuna mto ninaotaka kuwasimulia. Nitauita Lyanda. Kijiji cha juu nitakiita Ludisi na cha bondeni Ibohola. Majina ya kweli mnayajua, na wenyewe hawajaniruhusu kuwatangaza.

Ludisi iko milimani, kwenye baridi ya kuvaa koti mpaka saa nne asubuhi. Wenyeji ni Wahehe na Wabena, Walutheri kwa wingi wao, na maisha yao yanategemea vinyungu. Kwa nyinyi mliokuja kutoka Dar es Salaam, vinyungu ni bustani za kwenye mabonde. Mvua zikikatika, watu huinua matuta penye unyevu na kuchepusha maji ya mto kwa mifereji midogo. Huko nyanda za chini kila kitu kikiwa kimeshakauka, Ludisi wana maharage, viazi, kabichi na mahindi mabichi, na magari ya mizigo yanapanda kuyafuata. Kila mfereji una zamu, na kila familia inajua siku yake.

Msomaji wetu wa geji Ludisi aliitwa Kalinga. Mzee Kikoti, aliyehamishiwa Iringa kabla yangu, alimwajiri akiwa kijana mpiga kengele wa kanisa, baadaye akawa mzee wa kanisa mwenyewe. Alisoma geji asubuhi na jioni, mvua au jua, kwa mwandiko wa kuonea wivu. Ila Jumapili hakusoma. Mzee Kikoti alimuuliza sababu mbele yangu.

"Jumapili mto nao unapumzika," Kalinga akasema.

Mzee Kikoti, aliyekuwa Mkatoliki na si mtu wa kushindana na mambo ya dini, alikubali kwa neno moja, "Haya." Ofisini tukawa tunaunganisha Jumamosi na Jumatatu kwa rula, mstari umenyooka kama lami mpya. Kalinga alikuwa na utaratibu mwingine wa kijiji chake ambao nawaomba muushike kichwani. Ludisi mtu akifariki, hakuna anayegusa jembe wala kuacha mfereji wazi mpaka marehemu azikwe. Nilienda mara moja kupima siku ya msiba, nikaambiwa kwa upole kwamba hata mimi jembe langu ni ile mita, niiweke chini. Nikaiweka.

Chini, mwendo wa siku mbili kwa maji, iko Ibohola. Joto, mbu, na mpunga mpaka macho yachoke. Ni kama skimu ya mpunga ya Madibira, ila ndogo na isiyo na mtu wa kuisifu. Watu wa Ibohola wametoka kila upande: Wasangu wenyeji, wafugaji waliokuja na ng'ombe, Wanyakyusa wenzangu, na wafanyabiashara wa mjini. Mmoja wao ni Zuhura. Babu zake walitoka pwani, yeye kazaliwa Mbeya, akauza mchele dukani miaka mingi. Mumewe alipofariki akauza duka, akashuka bondeni kulima mwenyewe huo mpunga aliokuwa akiununua kwa wengine. Kwa kuwa alichelewa kufika, alipewa majaruba, vile vitalu vya mpunga, mwisho kabisa wa mfereji mkuu, mahali maji yanapofika yakiwa yamechoka. Ndiye aliyeniita Mama Maji, na jina likanishika mpaka ofisini.

Sasa ulikuja mwaka ambao mvua zilikatika mapema. Haikuwa zamani sana, Mzee Kikoti alikuwa ameshastaafu na baadhi yenu mlikuwa chuoni. Mpunga wa Ibohola ulikuwa unachanua, na mpunga ukichanua bila maji unazaa mapepe, yaani maganda matupu. Unavuna, unapepeta, upepo unabeba mavuno yako yote. Huko Ludisi nako, mvua zilipokatika mapema, watu wakafungua mifereji mapema. Mto ukafika bondeni ukiwa uzi.

Vijana wa Ibohola wakaanza kunoa mapanga. Walisema watapanda Ludisi wakabomoe mifereji yote, na atakayesimama njiani shauri yake. Viongozi wa wilaya za pande zote mbili nao walikuwa na dawa yao, kufunga mifereji yote ya juu kwa amri mpaka bondeni wavune. Dawa hiyo ingeponya mpunga na kuua vinyungu. Ludisi hawana shamba lingine miezi ile, ndicho chakula chao na ndiyo sare za watoto. Nikaulizwa mimi, mtu wa ofisi ya maji, nitoe neno. Nikaomba siku kumi. Sikuomba kwa sababu nilikuwa na jibu. Niliomba kwa sababu sikuwa nalo.

Nilianzia kwa Zuhura, siku ya Jumanne. Nilitegemea kukuta mfereji wake umepasuka kama kisigino cha mkulima. Nikakuta maji, si mengi, lakini maji ya kuloanisha jaruba. Nikamuuliza yametoka wapi.

"Jumanne ndivyo huwa, Mama Maji," akasema. "Jumanne tunapata nafuu, Jumatano mchana yanakata. Ndiyo maana tunampelekea kuku mgawa maji, atukumbuke na siku nyingine."

Nikamfuata mgawa maji, yule anayefungua na kufunga malango ya mfereji. Nilimkuta kwenye kivuli cha kibanda chake, kuku wanazunguka miguuni. Nikamuuliza tukiwa wawili kwa nini Jumanne anafungua zaidi. Akatazama kushoto na kulia, akakiri kwamba lango hajawahi kuligusa Jumanne tofauti na siku nyingine. Maji yalikuwa yakiongezeka yenyewe. Watu walipoanza kumshukuru aliona si adabu kuwakatalia.

Basi ikabidi nipande juu kuyatafuta yanakoanzia. Nilifika Ludisi Jumamosi na kulala nyumbani kwa Kalinga. Jioni, kabla jua halijazama, nikawaona watu wanatoka majumbani na majembe, wanaelekea mtoni, na mmoja baada ya mwingine wanaziba mabanio yao kwa mabonge ya udongo na majani. Banio ni pale mfereji unapochukua maji mtoni. Nikamuuliza Kalinga wanafanya nini. Akanishangaa. Kesho ni ibada, akasema. Ukiacha maji yanatembea kinyunguni hakuna mtu wa kuyaongoza, yatabomoa matuta. Wamekuwa wakifunga hivyo tangu enzi za babu zake, wanafungua Jumatatu alfajiri.

Asubuhi kengele ilipolia, watu wote walikwenda kanisani. Mimi nikateremka mtoni. Geji ilikuwa imepanda. Nikakaa kwenye jiwe nikacheka peke yangu. Kijiji kizima kiko ndani kinaimba, na mto umepata siku ya kuwa mto. Maji yale yangetembea Jumapili, yangetembea Jumatatu, na Jumanne yangefika kwa Zuhura, ambaye angempelekea mgawa maji kuku. Kwetu ofisini hakuna aliyewahi kuyaona, kwa sababu siku yalipokuwa yanaanza safari ndiyo siku Kalinga alikuwa haandiki.

Kalinga alinikuta palepale baada ya ibada, ameshika kitabu cha nyimbo.

"Mama, umepima siku ya Mungu," akasema.

"Sijaandika," nikamjibu. "Nimetazama tu."

Hakuridhika, lakini alikaa. Nikamweleza yote, habari ya Jumanne, ya kuku, ya mapanga yanayonolewa. Habari ya kuku ilimchekesha. Mapanga yalimfanya akiweke chini kitabu cha nyimbo. Nikamwambia nataka watu wa Ibohola waje Ludisi, wasimame mtoni pamoja na wenyeji, nipime mbele ya wote. Alifikiri kidogo, akasema waje, ila waje mchana na waje na wanawake.

Jumatano lori la Fuso lilipanda na watu wa Ibohola nyuma, wamejifunika kanga na mablanketi, meno yanagongana kwa baridi. Zuhura alikaa mbele. Alikuwa amewaambia vijana kwamba panga litakalopanda gari lile litapanda bila yeye, na kwa kuwa dereva alikuwa mpwa wake, ingekuwa pia bila gari. Tukashuka wote mpaka mtoni, wa juu ukingo huu, wa chini ukingo ule, salamu chache na za kuumauma.

Nikaingia majini. Nikapima mabanio yakiwa wazi, nikasema kwa sauti nilichosoma. Nikawaomba Ludisi wafunge, wakafunga, tukangoja mto utulie, nikapima tena. Mita ilikuwa nzuri lakini wengi hawakuielewa, kwa hiyo nikatoa chungwa. Mabanio yakafunguliwa tena, kijana mmoja wa Ibohola akalitupa, kijana wa Ludisi akalipokea chini, kisha yakafungwa, tukarudia. Kila mtu aliona mara ya pili lilivyowahi. Hapo hakuna aliyehitaji hesabu zangu. Watu wa Ludisi waliona kwa mara ya kwanza kiasi wanachochukua. Watu wa Ibohola waliona kwa mara ya kwanza kwamba kuna siku hawachukuliwi kitu.

Zuhura akavuka kwenye mawe, amekunja gauni, akasimama mbele ya Kalinga.

"Shikamoo mzee wangu," akasema. "Miaka yote hii tulikuwa hatujui wa kumshukuru. Tunashukuru kwa maji ya Jumapili."

"Usinishukuru, mama," Kalinga akasema. "Hiyo maji ya Jumapili siyo ya kwangu. Mimi Jumapili naenda kanisani tu. Hiyo ni ya Mungu. Siwezi kupokea asante ya kitu sijatoa."

Nikadhani mlango umefungwa hapohapo na kesho nitasikia habari za majeruhi. Lakini hakuwa amemaliza.

"Kama unataka kitu ya kwangu, omba siku yangu."

"Siku yako ni ipi?"

"Alhamisi. Alhamisi ndio namwagilia viazi."

"Basi naiomba," Zuhura akasema. "Mpaka punje zikaze."

Kalinga akageuka akakitazama kinyungu chake, viazi vimeanza kutoa maua. Akamtazama mke wake, naye akatazama pembeni, ambayo kwa mke wa Kalinga ilikuwa ni ndiyo.

"Chukua," akasema.

Msidhani iliishia hapo kwa makofi. Wengine walibishana mpaka jua likaelekea kuzama. Siku ya mtu mmoja haiujazi mto. Ilibidi mabanio yote yafungwe Alhamisi na zamu zote zibanwe kwenye siku zilizobaki. Mama mmoja mwenye kabichi changa alilia waziwazi, na sikumlaumu. Lakini ilikuwa vigumu kubaki na siku yako mbele ya mtu aliyetoa ya kwake. Mwishowe walikubali, isipokuwa bwana mmoja aliyekataa katakata, na kila kijiji kina wake. Jioni ileile, mbele ya wageni, mabanio yakafungwa.

Nilishuka nao bondeni. Maji ya Alhamisi yalipaswa kufika Jumamosi, na nilijua mimi ndiye niliyesema hivyo. Wale vijana hawakuwa wametupa mapanga, walikuwa wameyaacha nyumbani tu. Ludisi wakifungua usiku kwa siri, au mahesabu yangu yakiwa na kasoro, hakuna atakayeamini tena kipimo cha mtu yeyote. Jumamosi asubuhi nilikaa na Zuhura mwisho wa mfereji. Alikuwa ameleta chai kwenye chupa na hakuna aliyeimimina. Majani ya mpunga yalikuwa yameanza kujikunja. Tuliongea habari za watoto, tukanyamaza, tukaongea habari za watoto walewale.

Yalikuja polepole, rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma makapi mbele yake. Zuhura akavua kandambili akaingia mferejini, akasimama mpaka yakamfika kwenye vifundo vya miguu.

"Alhamisi imefika," akasema.

Nililia. Nimepima mafuriko yaliyobeba daraja na sikulia, lakini yale maji ya vifundoni yalinitoa machozi, na siyaonei haya.

Mpunga haukukubali wote, ila ulikubali vya kutosha. Baada ya mavuno Zuhura alipanda Ludisi na magunia ya mchele. Kalinga akamwambia kama ni malipo arudi nayo, kama ni zawadi ipikwe. Ikapikwa uwanjani mwa kanisa, pilau la mama wa Kiislamu, na yule bwana aliyekataa kufunga banio lake alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Tangu hapo, kila msimu mpunga unapochanua mpaka punje zikaze, Ludisi hufunga Alhamisi bila kukumbushwa. Bondeni wanaita Alhamisi ya Kalinga, ingawa kwao hufika Jumamosi. Mgawa maji amekosa kuku, na hajanisamehe.

Kisha mkaja nyinyi na vifaa vinavyojisomea vyenyewe na kutuma habari kwa simu. Ni vizuri, nasema kweli. Havichoki na Jumapili vinafanya kazi. Kalinga alistaafishwa na kifaa chenye ukubwa wa ndoo, lakini aliendelea kuteremka mtoni kila asubuhi, akasema anakikagua.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, siku ya Alhamisi, nilikuwa napakia vitu vyangu kwenye boksi. Neema akaja na kompyuta yake. Nyote mnamjua Neema, ndiye anayeshika takwimu sasa, na ni hodari. Akaniambia kifaa cha Ibohola kimeharibika. Maji ya Jumanne yalikuja, Jumatano yakashuka kama kawaida, na leo Alhamisi yamepanda tena bila mvua popote. Ya Kalinga bado mpaka Jumamosi. Alikuwa anataka kuisawazisha ile nundu kwenye mstari kabla taarifa haijaenda juu. Nikamwambia angoje. Sikuwa na sababu, nilikuwa na wasiwasi tu.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Zuhura.

"Mama Maji, leo mfereji umejaa," akasema. "Siyo ya Mungu haya, maana ya Mungu yalikuja juzi. Na siyo ya Kalinga, maana ya Kalinga ni keshokutwa. Huko juu kuna nini?"

Nikahesabu kurudi nyuma siku mbili. Jumanne. Jumanne siyo siku ya ibada, na hakuna kitu kinachoweza kufunga mabanio yote ya Ludisi siku ya kazi, isipokuwa kimoja. Nikampigia Kalinga. Akapokea binti yake, na kabla sijasalimia nikasikia kwaya nyuma yake. Baba alifariki Jumanne alfajiri, akasema. Wanangoja kaka zake wafike, watamzika kesho. Alikuwa anatafuta namba yangu kwenye simu ya marehemu, hakujua amenihifadhi kwa jina gani.

Nikamrudia Zuhura.

"Ni ya Kalinga, dada," nikamwambia. "Ni yake kabisa."

Nilisikia maji kwenye simu yake, yanapita.

Kesho yake tulipofika Ludisi, lile Fuso la Ibohola lilikuwa limeshafika, limebeba mchele na watu, wamejifunika mablanketi. Tulimzika Kalinga kwenye mteremko juu ya kinyungu chake, mto ukisikika chini, umejaa, hakuna aliyeugusa.

Neema, ile nundu ya Alhamisi usiisawazishe.